Nilivyomkimbiza Mwanaume Asiye na Kosa Nikiwa Nimesukwa Nusu Kichwa

Jamani, hii naisimulia kwa sababu nusu ya Nakuru ilishaiona kwenye simu, kwa hivyo kunyamaza hakutanisaidia, na afadhali mnisikie mimi kuliko yule aliyeiwekea muziki akaisambaza. Ndiyo, yule mwanamke aliyekuwa anakimbia mtaani Kaptembwo na taulo shingoni, nywele upande mmoja zimesukwa vizuri na upande wa pili zimesimama kama zimepigwa na stima, ni mimi. Na ndiyo, mimi ni polisi, Konstebo Jeruto, na msianze kucheka sasa, maana pabaya bado hatujafika.

Ilikuwa siku yangu ya kupumzika na nilikuwa nimekaa saluni kwa Mama Shiru, ambaye amenisuka tangu niletwe Nakuru (na mikono yake haisongi kama mdomo wake umetulia). Siku hizo pikipiki zilikuwa zinaibwa mtaani kila kukicha, watu wa boda wamekasirika, na OCS, bosi wetu wa kituo, alikuwa ametuambia kwenye paredi kwamba tukiendelea kulala atatuamsha kwa uhamisho wa kwenda mahali ambapo hata mtandao haufiki, na aliposema hivyo alikuwa ananiangalia mimi. Halafu kwenye grupu ya mtaa kulikuwa na picha inazunguka, ya mwanaume mwembamba mwenye kofia nyekundu na pengo mbele, amesimama kando ya pikipiki ya buluu, na chini yake imeandikwa: HUYU NDIYE MWIZI WA PIKIPIKI, MKIMWONA MSIMWACHE. Nani aliandika? Sijui. Sikuuliza. Mimi, polisi mzima, niliituma kwa watu wengine na nikaongeza kwa bidii yangu, "Tuwe macho."

Sasa Mama Shiru amemaliza upande wa kushoto, mimi nainua kichwa kidogo nipumzishe shingo, na nani anapita nje? Kofia nyekundu. Nikaangalia simu, nikamwangalia yeye. Akageuka kumsalimia mama anayeuza viazi, akacheka, na pengo hilo hapo.

Kila kitu nilichofundishwa kinasema umtazame, upige simu kituoni, umfuate kwa mbali mpaka wenzako wafike. Simu nilikuwa nayo mkononi! Lakini nikaona jinsi OCS atakavyonitaja paredi, "Jeruto, hata siku ya off anafanya kazi," na miguu ikanyanyuka kabla akili haijamaliza kufikiria. Mkoba wangu, ndani yake kitambulisho cha kazi, nikauacha umening'inia nyuma ya mlango.

"Wee Jeruto!" Mama Shiru akaita. "Na huu upande mwingine?"

Mimi nilikuwa tayari barabarani. "Wewe! Simama hapo! Polisi!"

Yule mwanaume akageuka, akaona mwanamke mwenye slipa, taulo, na chanuo limekwama kichwani, anamjia mbio akipiga kelele. Akatimua mbio. (Hata mimi ningetimua.) Nikamfuata kwenye vichochoro, nikaruka mtaro, slipa moja ikabaki kwenye matope, na nikaanza kuona ananipotea. Hapo ndipo nilifanya kitu ambacho hadi leo kikinijia nikiwa nakula naweka kijiko chini. Nilipaza sauti nikasema, "Shikeni mwizi!"

Mnajua vile neno hilo hufanya watu. Milango ilifunguka, watu wa boda wakaacha pikipiki zao kwenye steji, na kufumba na kufumbua yule mwanaume alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa mabati wa poshomili, kofia imeanguka, na watu wanaokota mawe. Nikasikia mtu anauliza nani ana petroli. Hakuwa anatania.

Nikapenya kwa viwiko mpaka mbele, nikasimama mgongo wangu kwake na uso wangu kwa watu, mikono nimetandaza.

"Mimi ni polisi! Hakuna mtu atamgusa!"

Kicheko kikalipuka. "Karao gani ako na nywele kama hiyo?" mmoja akasema.

"Kitambulisho iko wapi?" akauliza mwingine.

"Iko saluni," nikasema, na hata mimi nilijisikia nilivyo mjinga.

"Huyu ni mwenzake! Anamfichia!" Simu zikainuliwa, kila mtu anarekodi, na jiwe likatoka huko nyuma likagonga mabati karibu na sikio langu, bwaa, na mwanaume aliye nyuma yangu akanishika taulo kama mtoto.

"Dada," akaniambia kwa sauti ndogo, "mimi naitwa Wafula. Ni fundi wa maji. Hiyo pikipiki ya kwa picha ni yangu. Mimi ndio niliibiwa. Niliweka hiyo picha nisaidiwe kuitafuta, halafu watu wakabadilisha maneno."

Nilihisi baridi kutoka utosini hadi kwa ule mguu usio na slipa. Nimemletea mwenye mali umati wa kumuua, na nimeuita kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilichoweza kufanya ni kumsukuma zaidi kwenye kona ili wakirusha wanianze mimi, na nikaanza kuomba, kwa Kikalenjin, kwa Kiswahili, kwa chochote kilichokuja.

Nikasikia sauti naijua. Mama Shiru, jamani, na mwili wake ule, anakuja mbio na mkoba wangu begani, mkono mmoja umejaa nywele za kusukia na mwingine umeinua kitambulisho juu kama tikiti ya bahati nasibu. "Ni polisi wa ukweli! Mimi ndio namsuka! Shusheni mawe!" Watu wakaanza kukisoma, mmoja mmoja, kwa kutoamini. Wakiwa bado wanabishana kama picha ni yangu (kwenye picha nina nywele pande zote mbili), Landkruza ya kituo, ambayo Mama Shiru alikuwa ameshaiita kwa simu, ikafika na king'ora. Nikakaa chini hapo hapo.

Kituoni OCS alifunga mlango. Video ilikuwa imemfikia kabla yetu, na wakubwa walikuwa wameshampigia. "Tutasema huyu Wafula alikuwa anazua fujo," akasema. "Alale seli leo, kesho tumwachilie, mambo itapoa."

Nilitamani sana kusema ndiyo, afande. Ningeokoka kabisa. Lakini nilikuwa bado nahisi ile mikono ikinivuta taulo.

"Afande, huyu ni mlalamishi. Jina lake nimelikuta kwenye kitabu cha ripoti, alikuja kaunta yetu mwenyewe kusema ameibiwa. Aliyekosea ni mimi."

"Unajua ukisema hivyo utaubeba mzigo peke yako?"

"Najua, afande."

Macho yake yakapanda kichwani kwangu, na nikaona midomo inamcheza. "Mrudishe nyumbani," akasema. "Lakini mtaa usipoambiwa ukweli, kesho watammaliza. Chukua gari, chukua kipaza sauti, uwaambie wewe mwenyewe."

Basi tukarudi Kaptembwo, Wafula amekaa mbele kando ya dereva, mimi nimesimama nyuma. "Watu wangu," nikasema, sauti inasikika mtaa mzima, "huyu si mwizi. Huyu ndiye aliyeibiwa. Mimi Konstebo Jeruto nilikosea, na naomba msamaha."

"Afande!" kijana mmoja wa boda akaita. "Rudia hapo kwa kukosea, sikuwa narekodi!"

Nikarudia. Watu wakacheka, mimi pia nikacheka huku machozi yananitoka, na mwenyekiti wa steji akaja akampa Wafula mkono mbele ya wote, akamrudishia na kofia yake iliyoanguka. Wafula mwenyewe hakuwa na jeraha ila kiwiko kilichochubuka. Usiku huo nililala kama mtu aliyetoka kuogelea mto uliofurika.

Barua ya onyo nilipata, na nimewekwa kaunta ya kituo hadi nimeota mizizi. Pikipiki ya Wafula ilipatikana Salgaa, kule wanakolala madereva wa malori, nyuma ya loji, bila vioo, na mimi ndiye niliyempigia kumwambia. Akashukuru sana, halafu akasema, "Lakini afande, tafadhali, umtume mtu mwingine aniletee."

Siku hizi picha ya mshukiwa ikinifikia haiendi kwa mtu mwingine mpaka nijue imetoka kwa nani. Nikimshuku mtu namsalimia kwanza na kumuuliza jina. Na lile neno nililolipigia kelele siku ile halitatoka tena kinywani mwangu, hata nimkute mtu amekalia pikipiki yangu mwenyewe. Nitamwambia, boss, niaje, naomba tuongee.