Kisanduku cha Faragha

Mpaka leo mtu akiniambia "utafiti umeonyesha", namkatiza. Namuuliza kwanza: nani aliuliza, aliulizia wapi, na nani alikuwa ameketi pale anasikiliza? Watu wananiona mkorofi. Waniite watakavyo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa saikolojia, naishi Keshero kwa wazazi, nikapata kazi ya siku tatu ya kuuliza maswali katika kambi ya waliokimbia vita, kule Mugunga. Shirika moja lilikuwa na hema pale, watu waliiita hema ya kusikiliza. Kila Jumatano akina mama walikuja kusema yaliyowapata, na mshauri akawasikiliza. Sasa wakubwa walitaka kujua kama hema ile inasaidia kitu. Wakatupa tableti yenye fishi, yaani fomu ya maswali: unalala? Unaota mambo mabaya? Unashtuka ukisikia kishindo? Na mwisho kabisa, kisanduku cha kutia alama: mahojiano yamefanyika faragha, ndiyo au hapana.

Faragha! Aliyeandika fishi ile hajakanyaga kambini. Kule ukimvuta mama mmoja pembeni na tableti mkononi, majirani wanajua jambo moja tu: huyo anaandikiwa jetoni ya kupokea chakula peke yake. Wewe utaondoka, yeye atabaki kusemwa kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo mgeni akifika anapewa bidoni tupu ya maji akalie, na bloku nzima, yaani safu nzima ya vibanda, inakuja kuketi wazi, kila mtu asikie. Na wa kwanza kujibu ni bibi wa shefu, mke wa kiongozi wa bloku, kwa heshima.

Mama yule alijibu vizuri sana, amejifunga kitenge chake cha kanisani. "Sisi tuko bazuri, mutoto yangu. Tunalala. Ile hema ilitusaidia, aksanti sana." Nikamgeukia wa pili, mkulima kutoka milima ya Masisi. Mshauri alikuwa ameniambia kwamba huyu hajakosa Jumatano hata moja. Nikamuuliza kama analala. Akamtupia jicho bibi wa shefu, akainamisha kichwa.

"Ni vile mama amesema."

Wa tatu, vile vile. Wa nne nikamjazia kabla hajafungua kinywa.

Jioni nilimwambia msimamizi wetu kwamba hakuna hata mmoja aliyejibu peke yake, kwa hiyo niweke hapana. Akasema nikiweka hapana tableti itazikataa fishi zote, na kesho tutaanza upya. "Weka ndiyo, usituchelewesheye kazi." Nikaweka ndiyo. Zote. Sijifichi.

Mwaka uliofuata tukaanza somo la mbinu za utafiti. Asistanti, mwalimu wetu msaidizi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akatuonyesha ukutani mfano wa utafiti safi: watu wengi wameulizwa, maswali ni yaleyale kwa kila mtu, mahojiano ni ya faragha. Michoro ya rangi ilikuwa inapanda tu. Matokeo: akina mama wa ile kambi ya Mugunga wamepona, wanalala. Hema imemaliza kazi yake, itafungwa mwisho wa mwezi. Hasira ikanipanda, nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Asistanti, hayo si majibu ya watu wengi. Ni jibu la mama mmoja, tumelinakili."

Akatabasamu. Akaniuliza niko na ushahidi gani, maana juma lile lile alikuwa ametufundisha kwamba kisa cha mtu mmoja hakiangushi takwimu. Darasa likacheka. Nikamwambia kisa hicho ni changu: fishi za bloku moja ya kambi ile nilijaza mimi, na kwenye kisanduku cha faragha nilidanganya mimi. Akanishauri niliandikie shirika.

Niliandika siku hiyo hiyo. Nikaandika tena. Sikujibiwa hata neno. Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: majibu yalifanana neno kwa neno, toka juu mpaka chini, na hayakumshtua hata mmoja wa hao waliosoma kunizidi. Akina mama wawili hawapatani hata juu ya chumvi ya mboga ya sombe. Bloku nzima itapatanaje juu ya usingizi?

Mwisho wa mwezi nikaenda Mugunga. Wafanyakazi walikuwa wanafungua kamba za hema. Mama wa Masisi alisimama kando, mikono kifuani. Nikamsalimia, hakunikumbuka. Sikuwa na tableti, kwa hiyo hakuna jirani aliyekuja kuketi nasi. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe: tangu akimbie kwao, usiku anakaa ameshika mlango wa kibanda chake mpaka kunakucha. Ni Jumatano tu, akishasema yake mle hemani, ndipo alikuwa anapata kusinzia kidogo.

"Mimi silalake, mutoto yangu," alisema, macho kwenye turubai lililokuwa linakunjwa. "Sasa ni nani alienda kuambia bale bakubwa kama tunalala?"

"Ni mimi, mama," nikasema.