Nyonga ya Chuma na Sauti ya Fonia

Mdogo wangu alifanyiwa operesheni ya nyonga ng'ambo, upande wa Kigoma, wakati watu wa kwetu Rumonge walikuwa wameshaacha kuulizana vita vitaisha lini. Ugonjwa wa damu aliozaliwa nao ulikuwa umeua kichwa cha mfupa wa paja, na tangu akiwa kigoli alitembea akijishika ukutani. Madaktari wageni waliopita huko waliutoa mfupa ule, wakamwekea wa chuma. Nilimpeleka mimi. Baba na mama walishakufa, nami ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita nikaingia kwenye kukamua mawese.

Tulitakiwa kubaki ng'ambo mpaka ajifunze upya kutembea. Hatukuweza. Wadogo wetu wawili tulikuwa tumewaacha kwa jirani, na kila boti iliyofika ilileta habari za bunduki upande wa Minago, karibu na kwetu. Mama aliyekuwa akimfundisha mazoezi, mtu wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, hakutugombeza. Aliuliza tu:

"Kwenu kuna fonia?"

Ilikuwepo. Ilikuwa redio ya kuzungumzia, mali ya mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, chumbani nyuma ya duka lake, ikila betri ya gari, na waya wake umefungwa juu kwenye mchikichi. Wachuuzi wa Kalemie, Uvira, Kigoma na kwetu waliulizana bei humo, na neno la mmoja lilisikiwa na wote; aliyemaliza alisema ova, akaachia kitufe ili mwingine ajibu. Kila Alhamisi mchana, biashara ikipoa, yule mama aliita.

"Rumonge, Rumonge. Dada wa mgonjwa yupo? Ova."

"Niko hapa, mama. Ova."

"Akilala chali, vidole vya mguu vinaangalia wapi?"

"Vinaangalia bati."

"Vizuri. Siku vikiangalia kwingine, niambie hapohapo."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila mara. Kisha alitoa mazoezi, nami nikayabeba kichwani hadi nyumbani: kukaza makalio na kuyalegeza, kusukuma kisigino, kuupeleka mguu pembeni bila kuuinua. Na makatazo. Asichutame. Asipishanishe miguu. Alale na mto katikati ya magoti. Asikae mahali popote ambapo goti linapanda juu kuliko nyonga, maana mfupa ule ulikuwa bado haujashikwa na nyama, ungechomoka.

Kwetu maisha yote yako chini: kigoda cha kupikia, beseni la kufulia, mkeka wa kulia, tundu la choo. Nilikwenda kwa fundi wa mitumbwi. Alitengeneza sanduku lenye tundu la kuweka chooni, na kiti kirefu cha mbao za mtumbwi kilichonuka lami. Mdogo wangu alikaa juu yake akimenya mihogo, miguu ikining'inia, na majirani wakampa cheo.

"Amahoro, Gavana," walisema wakipita.

"Amahoro. Kodi yangu iko wapi?"

Jirani aliyetulelea wale wadogo ndiye aliyecheka kuliko wote. Tulimwita Mama Mkubwa, ingawa hatukuwa damu moja. Wazazi wetu walipokufa alitupikia mpaka nikajua kupika mwenyewe. Nilipokuwa shambani, ndiye aliyekaa na mdogo wangu, akimlinda asiiname kuokota hata kijiko.

Mdogo wangu alipoanza kutembea na gongo, alikwenda fonia kwa miguu yake. Alisimama ameshika fremu ya mlango akiupeleka mguu nyuma, nami nikibonyeza kitufe na kumweleza mama wa Kigoma anavyofanya. Mchuuzi mmoja wa Kalemie aliingilia.

"Rumonge, huyo mutoto iko anacheza dansi? Nani anamuhesabia?"

"Baba, toka kwenye mawimbi, huyu ni mgonjwa," mama wa Kigoma alisema.

"Mimi nitahesabu. Moja. Mama, usinikatazie, hapa ndagala hakuna, tunakaa bure. Mbili."

Akaingia mwingine wa Uvira, wakahesabu wawili, mmoja akimkimbiza mwenzake. Mdogo wangu alicheka hadi akapoteza pumzi, akashindwa kuendelea. Siku ile, tukirudi nyumbani, niliona gongo lake haligusi ardhi kila hatua. Niliogopa kulisema.

Kisha Mama Mkubwa alipanda gari kwenda kuuza mawese, na gari lile likashambuliwa njiani. Walimrudisha akiwa amefunikwa kitenge chake mwenyewe.

Maiti ililazwa mkekani sebuleni kwake, wanawake wakakaa kuizunguka. Mimi nilikuwa uani kwenye masufuria, maana watu walikuwa wengi na marehemu hakuwa na binti wa kupika. Mdogo wangu alipoingia na gongo, walimwekea kiti. Kwetu mtu hakai kitini mbele ya maiti iliyo chini. Mgonjwa husamehewa, na wote walijua ni mgonjwa. Mwenyewe hakujisamehe.

"Nikae juu ya kichwa cha mama yangu?" ndivyo walivyoniambia kuwa alisema.

Alishuka mkekani. Alikunja miguu upande mmoja kama wenzake, akainama kumshika marehemu mkono. Nilisikia kelele nikiwa uani, nikadhani ni kilio kilekile; kumbe ni yeye, mfupa wa chuma umechomoka.

Tulimbeba mdogo wangu kwenye mlango tulioung'oa. Mguu ulikuwa umekuwa mfupi. Nilikimbia fonia, na ingawa haikuwa Alhamisi, mwenye redio aliita Kigoma mpaka wakamtafuta yule mama.

"Vidole vinaangalia wapi?" aliuliza.

"Vinaangalia mguu mwenzake."

"Msivute," alisema. "Mtu yeyote asivute, hata mganga wa mifupa. Anatakiwa alazwe kwa dawa ya usingizi, daktari ndiye aurudishe. Mleteni upesi."

Hatukuweza kumpeleka. Wanajeshi walikuwa wamefunga ziwa, boti zote zimepandishwa mchangani, na barabara ndiyo iliyomla Mama Mkubwa. Kwenye hospitali yetu muuguzi alimpima, akaniita nje. Alisema daktari ameondoka na dawa ya usingizi imekwisha, na kwamba asingenidanganya. Nilimshukuru. Murakoze, nilisema, kana kwamba amenipa kitu.

Majirani walileta mafuta ya mawese ya moto na ushauri. Nilikubali mafuta tu. Mdogo wangu alilala akitazama bati. Siku moja aliniambia, "Yaya, nilisahau kama kile ni chuma. Nilijua ni mguu wangu." Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu.

Ziwa lilipofunguliwa, wiki nyingi zimeshapita, niliita fonia kabla ya kutafuta boti. Yule mama alieleza polepole. Shimo la nyonga lilikuwa limeshajaa nyama, kuvuta kusingefaa tena. Kulitakiwa kisu, na madaktari wale walikuwa wamerudi kwao. Hakujua kama wangekuja tena, kwa sababu ya vita. Wachuuzi wote walikuwa hewani wakisikia, hata yule wa Kalemie.

"Nimesikia, mama," nilisema.

"Ova," mwenye redio alinikumbusha, kwa sababu nilikuwa bado nimebonyeza kitufe.

Nilipokiachia nilidhani yule mama ameondoka. Kumbe bado yupo.

"Ule mguu mwingine ni mzima? Basi tuufundishe huo. Utambeba maisha yake yote, lazima uwe na nguvu. Asimame, ashike mlango. Ainue kisigino, ashushe."

Niliyabeba mazoezi hayo kichwani kama yale ya kwanza. Mdogo wangu aliyasikiliza, akageukia ukuta. Kesho yake nilimwinua, nikamsimamisha mlangoni, mguu mfupi ukining'inia, vidole vyake vimeelekea ndani. Alikataa kuhesabu.

Nikahesabu mimi.