Meza ya Wenyeji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta ofisi haina kiti. Mkuu wa Chuo, mzee mmoja mpole wa Kikerewe, akanibebea cha kwake, akakiweka nyuma ya meza na kusema, "Mama, wewe ndiye Mshauri wa Wanafunzi. Kila mwaka wanafunzi wageni wanatutoroka, wiki ya pili, ya tatu. Hawaagi. Nenda ujue kwa nini." Vijana wanaofanya kazi hii siku hizi wananiuliza tulianzaje. Nitawaambia, ila wasitegemee niseme kwa upole.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyuo vya binafsi ndiyo kwanza vinaruhusiwa, na chetu kilikuwa kati ya Usagara na Misungwi. Niliwafuata waliotoroka hadi makwao. Sababu ilikuwa aibu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anaingia darasa la chuo, mhadhiri anamwaga Kiingereza na ubaoni haandiki kitu. Kitabu anachokitafuta kimefichwa nyuma ya dawati la mkutubi, kinaazimwa kwa saa, na hakuna aliyemwambia. Jaribio la kwanza anapata sifuri. Anaamini mjinga ni yeye peke yake, anabeba sanduku anaondoka.

Ndipo nikaanzisha uenyeji. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, tuliyemwita mwenyeji, alipewa wageni wachache. Aliwasubiri njia panda ya Usagara, akawaonyesha maktaba, bomba la maji na mhadhiri asiyependa wachelewaji. Kubwa zaidi, mwezi mzima wa kwanza walikula naye meza moja. Kiti cha mgeni kikiwa kitupu wakati wa chakula cha jioni, mwenyeji aliacha ugali wake akaenda kugonga mlango. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo.

Wenyeji niliwachagua miongoni mwa waliopigwa sapu, yaani waliofeli mtihani, wakaurudia, wakafaulu. Wenzangu walinicheka. Lakini mtu ambaye hajawahi kuanguka utamtuma akamwambie nini aliyeanguka? Nilikuwa na Kulwa, mtoto wa wafugaji wa Misungwi, mrefu, mcheshi. Wageni walipokaa tu mezani aliwaambia, "Mimi hapa Takwimu ilinilaza chini mchana kweupe. Kwa hiyo msinifiche kitu." Wale watoto walicheka, na kabla sahani hazijaisha walikuwa wanamweleza yote. Utoro ukapungua mpaka Mkuu akaacha kuniuliza.

Kisha mzee akastaafu, akaletwa Mkuu mpya na soko huria lake mdomoni. Kila sentensi yake ilikuwa na neno ushindani. Aliniita.

"Mama, mzazi anashuka kwenye gari, mtoto wake anapokelewa na mtu aliyefeli?"

"Alifeli, akafaulu."

"Hilo siwezi kuliandika kwenye bango."

Jikoni akampangisha mfanyabiashara. Meza ndefu zikatolewa, ukawa unanunua sahani dirishani na kula unapojua mwenyewe. Wenyeji wakafutwa, wakaja mabalozi, vijana wenye alama za juu, wamevalishwa fulana za njano, kazi yao kutabasamu getini. Nilipinga kikaoni hadi sauti ikanikauka. Nikahamishiwa Ofisi ya Malazi, nigawe funguo na magodoro.

Ni pale nilipompokea Veronika, binti wa Sengerema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Baba ameishia kivukoni."

Mabalozi walikuwa wamempiga picha getini akicheka na sanduku lake kichwani, wakamwacha hapo hapo. Picha ikapendwa, ikachorwa kwenye bango kubwa la getini.

Wiki kadhaa baadaye Kulwa, sasa wa mwaka wa tatu na hana tena cheo chochote, alikuja ofisini kwangu anahema. "Mama, yule binti wa Sengerema simwoni. Nimewauliza mabalozi, wanasema wao kazi yao mapokezi tu." Nilichukua ufunguo wa akiba nikakimbia. Godoro lilikuwa limekunjwa.

Jumamosi nilivuka Kigongo kwa kivuko. Nilimkuta na mama yake wanaanika dagaa. Aliniambia bila kuniangalia, "Nilipata sifuri, nikajifungia. Nikisikia miguu kwenye korido nasema huyu anakuja kwangu. Wakapita wote."

"Ungerudi?"

"Hata sasa hivi, mama." Alishaanza kunawa mikono.

Nilirudi naye. Mkuu hakumruhusu hata kuingia. "Nafasi imeshajazwa, mama. Watu wamepanga foleni." Nilimwomba, nikamgombeza, nikampigia meza. Veronika alikuwa nje ya mlango, amekaa juu ya sanduku, anasikia kila neno. Mkuu alipotoka kwenda kula alimpita bila salamu, na hakumtambua, ingawa kila asubuhi gari lake lilipita chini ya uso wa binti yule. Jioni nilimsindikiza kivukoni. Hakulia. Mimi nililia, kwa hasira.

Bango lilibaki. Mwaka baada ya mwaka liliwakaribisha wageni kwa tabasamu la mtoto waliyemfukuza, nami nikalipita nikienda kugawa funguo.

Siku ya kuniaga, Mkuu yule yule alisimama akaniita mama wa mabalozi, akanikabidhi fulana ya njano, watu wakapiga makofi. Nilishika kipaza sauti. "Mabalozi siwajui. Mimi nilianzisha wenyeji, ninyi mkawafuta. Na huyo binti anayecheka getini kwenu anaanika dagaa Sengerema, kwa sababu hamkuwa na mtu wa kumgongea mlango." Hakuna aliyegusa soda yake tena.

Bango lilishushwa wiki ile. Nasikia waliogopa waandishi wa habari. Veronika hakuitwa, na hakuna aliyevuka maji kumwomba radhi.

Ninyi mnaoshika kazi hii leo, rudisheni meza kabla hamjanunua fulana. Ya kwangu bado ninayo. Naipigia deki.