Kebini Niliyoichomelea Mimi

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na kwa vyuma vizito alikuwa fundi kweli. Chesi ya trela iliyovunjika, lango la shule, ekseli ya mkokoteni, vyote vilitoka mikononi mwake vikiwa imara kuliko vilipokuwa vipya. Bati jembamba ndilo lililomshinda. Mkono wake ulikuwa na hasira, na bati jembamba halitaki hasira. Ukilikalia na moto kidogo tu, linafunguka tundu machoni pako. Ukilazimisha kuziba tundu, linakuwa dirisha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Tulikuwa na uwanja wetu mdogo Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia. Alikuwa ameachishwa kazi katika karakana moja ya mjini, akaja hapo na mitungi ya gesi, miwani myeusi na kinyongo. Mimi nilikuwa nikimshikia vyuma. Mke wa fundi haulizwi kama anataka. Chuma kinahitaji mtu wa kukishika upande wa pili, na yeye ndiye aliye karibu.

Siku moja alikuwa akiziba mlango wa pikapu. Ukatoboka, akaziba, ukatoboka tena, akalitupa bomba la moto chini na kwenda kukaa kivulini. Nikavaa miwani. Sikuwa na nia ya kumwonyesha kitu. Nilikuwa nimemtazama kwa muda mrefu, nikajua anapokosea: anabaki mahali pamoja. Nikapunguza moto, nikagusa nukta moja hapa, nikaruka nikagusa nyingine kule mbali, nikapaacha pale pa kwanza papoe. Mlango ukakubali. Alipoinuka alikuja akapitisha ukucha juu ya mshono.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe."

Jibu hilo hakulipenda. Lakini tangu siku hiyo mabati membamba yakawa yangu. "Nyar Kano, kuna bati," aliniita. Binti wa Kano, maana kwetu mke huitwa kwa alikotoka, na mimi nilitoka Kano, upande wa Awasi. Alizungusha turubai kuukuu pembeni mwa uwanja, akasema nifanyie kazi huko ndani.

"Watu wakijua ni mwanamke anashika moto, hawatuletei kazi," alisema.

Niliona ana akili. Watoto walikula kutokana na uwanja ule. Mteja akiingia, nilizima moto, nikavua miwani, nikatokea na birika la chai. Naye alitoka nyuma ya turubai akijifuta mikono.

Ndipo likaja lile lori. Lilikokotwa kutoka upande wa Port Victoria, na mwenyewe alikuja akitembea kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitalini. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini. Ujana wake alikuwa utingo katika lori hilo hilo, kisha akawa dereva wake, na tajiri wake alipozeeka akamuuzia. Lilikuwa limebeba samaki maisha yake yote. Siku za nyuma ngege na omena, kisha mbuta walipojaa ziwani, mbuta na barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yalitiririka hadi kwenye kebini na kukaa chini ya miguu ya dereva. Sakafu ilikuwa imekwisha. Ungeiona barabara ukiwa umeketi. Vizingiti vya milango vilimenyeka kama maganda ya kitunguu. Juu ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa mvua, kutu ilikuwa imekula hadi ndani. Na kulikuwa na fundi mwingine aliyejaribu kabla yetu kwa moto wa umeme, akaacha matundu meusi na mavimbe.

"Sitaki mnizibie matundu kwa putti," mzee alimwambia mume wangu. "Nataka bati kwa bati. Hii kebini imenilelea watoto. Kama huwezi, sema tu, sitakasirika."

"Mzee, umefika," mume wangu akasema.

Nilikuwa nimesimama na birika. Hakunitazama hata mara moja.

Kazi ile ilinichukua kiangazi chote na ikaingia mvua. Lori likasogezwa nyuma ya turubai, nami nikaanza kwa kukata. Hilo ndilo linalomwuma mtu, kwa sababu kutu inadanganya. Unaona doa dogo, unakata, unakuta uozo unaendelea chini ya rangi, unakata tena, na kila unapokata unaogopa kwamba hakutabaki kitu cha kushonea. Lakini ukishona bati jipya kwenye bati lililooza, unajidanganya. Nilikata hadi nikafika penye chuma kinachong'aa pande zote mbili. Kwa viraka nilitumia boneti ya gari dogo lililokufa, kwa kuwa bati lake lililingana na la kebini. Nilipima kwa karatasi ya simenti, nikakata kwa mkasi, nikapiga kidogo kidogo hadi kingo zikakutana bila kupishana. Kisha nukta. Moja huku, moja kule, na kitambaa kilicholowa cha kupoza. Ukikimbia, bati linapata joto upande mmoja na kujikunja kama jani la ndizi karibu na moto, na huo mkunjo hautoki tena. Upande wa ndani nilishikiza kipande cha reli, nje nikagonga kwa nyundo ndogo, polepole, hadi mshono ukalala.

Mfereji wa juu ya kioo ndio uliniumiza. Nilikuwa nimelala chali juu ya ubao, na tone la chuma likashuka likaingia shingoni na kuteremka hadi kifuani. Nilikuwa bado namnyonyesha kitinda mimba wangu. Sikupiga kelele, kwa kuwa nje kulikuwa na wateja. Nilibana meno hadi likapoa. Kovu lake ninalo.

Mume wangu alikuja jioni akatazama mfereji.

"Umeshona vizuri," alisema. Kisha, "Hapa umeanzia wapi?"

Nikamweleza. Aliniuliza mengi siku zile: nilipokata nguzo ya mlango niliishikiliaje paa lisishuke, sakafu niliigawa vipande vingapi, mbona nilianza katikati. Nilifurahi. Nilidhani anapenda kazi yangu.

Siku ya kukabidhi, lori lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na watu wa soko walikuja kutazama. Mzee alivua kofia. Alizunguka kebini, akapitisha kiganja juu ya mlango, akashuka hadi kizingiti, akainama kutafuta mshono asiuone. Alipopanda ndani na kukanyaga sakafu, aliweka mikono juu ya usukani, kisha niliona anafuta macho.

Aliposhuka aliushika mkono wa mume wangu, akaugeuza, akautazama.

"Bwana, mkono huu ulipewa na Mungu."

Nilisimama hatua chache tu kutoka kwao. Nilingoja. Sijui hata nilingoja nini. Pengine anitupie jicho, au aseme tulisaidiana. Mume wangu akakohoa, akaanza kueleza umati jinsi alivyoshikilia paa lisishuke, kwa nini alianzia sakafu katikati, jinsi bati linavyotaka subira. Maneno yangu, moja baada ya jingine.

Mzee akanigeukia na tabasamu la heshima. "Na wewe Mama, asante. Unamlisha fundi wetu vizuri."

Baada ya hapo sifa zilivuma. Kebini zilikuja kutoka Busia, kutoka Kericho, hata gari la kanisa. Mume wangu akaajiri wanaume wawili wa vyuma vizito, na hao walijua ukweli, haikuwezekana kuwaficha. Walicheka nyuma yake, na nadhani alisikia. Akaanza kunifokea mbele yao. Chai ikipoa, nilitukanwa. Mshono ukiwa mzuri, alinyamaza.

Kisha wakaja watu wa chuo kimoja cha ufundi. Walitaka fundi wa kuwafundisha vijana kuchomelea bati jembamba, na jina walilopewa ni lake. Walimtaka kwanza aje awaonyeshe. Nilimwambia asiende, au aseme macho yanamsumbua, maana kweli yalikuwa yameanza kumsumbua. Alienda. Mmoja wa wafanyakazi wake ndiye aliyenisimulia: walimpa kipande cha bati, akatoboa. Wakampa kingine, akatoboa. Wakamshukuru kwa kufika.

Alirudi mchana kweupe, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya turubai.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Nimefanya nini?"

"Umeniharibia jina."

Wiki hiyo hiyo mitungi, bomba na miwani vikauzwa kwa mtu wa Awasi, kwetu, kana kwamba alichagua makusudi. Alibaki na mashine ya umeme ya vyuma vizito. Turubai akalikata likawa la kufunikia kuni.

Nilijaribu kwingine. Katika uwanja mmoja mjini walinicheka tu, bila ubaya, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake. Mwisho nilimtafuta yule mzee wa lori, siku aliyoshusha samaki sokoni. Nilimwambia yote, nikamtajia kila kiraka kilipo chini ya rangi yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniamini, niliona usoni.

"Mama," akasema, "hata kama ni hivyo, usimwaibishe mzee wako."

Akapanda kebini, akafunga mlango. Ulifunga vizuri.

Nikaanza kukaanga samaki kando ya barabara, na huko ndiko nilikosomeshea watoto. Miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha, macho ya mume wangu yalikuwa yamekwenda kabisa. Tulirudi kukaa kwao kijijini. Nilimshika mkono hadi chooni na kumrudisha. Wageni bado walikuja, wengine mafundi vijana, wakamwita Fundi, naye aliwasimulia ile kebini. Alisimulia vizuri. Alijua kila mshono. Siku moja alisimulia hata tone la moto lililomwingia kifuani akiwa amelala chini ya mfereji, akajishika pale, upande ule ule wa kovu langu.

"Huyo nilikuwa mimi," nikasema.

Wageni walinitazama. Mume wangu alicheka, akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Mama yenu anapenda mzaha," aliwaambia.

Hakuwa anadanganya tena. Nilimtazama vizuri nikaona kwamba anaamini. Wale vijana wakacheka pamoja naye, mmoja akaniomba maji ya kunywa, na mume wangu akaendelea pale alipokuwa ameachia.