Baiskeli Iliyoinamisha Kichwa

Harufu ninayoikumbuka kabla ya nyingine zote ni ya majani mabichi yaliyolowa maji ya samaki. Baba yangu alikuwa akisafirisha samaki kwa baiskeli kutoka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, hadi sokoni Bunia, mji wetu mashariki mwa Kongo. Ili samaki wasiharibike njiani, aliwafunika kwa majani aliyoyakata karibu na ufuko, akayanyunyizia maji kila alipokuta kijito. Asubuhi, kabla sijafumbua macho, harufu hiyo ilipita chini ya mlango na kunijulisha kwamba amefika. Nikiwa bado katikati ya usingizi, nilidhani ziwa lenyewe, ambalo sikuwahi kuliona, limekuja kusimama uani kwetu na litaondoka jua likiwaka. Kisha nilisikia mama akimimina maji kwenye beseni, baba akikohoa taratibu ili asiwaamshe wadogo zangu, na kamba za mpira zikifunguliwa moja baada ya nyingine.

Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Kati ya ziwa na Bunia kuna mlima mkali, na hakuna aliyeupanda akiwa ameketi juu ya baiskeli. Wasafirishaji waliisukuma mizigo kwa miguu, kila mmoja akiwa na fimbo iliyofungwa kwenye usukani ili aongoze akiwa pembeni, na nyingine iliyosimamishwa nyuma ya kiti ili apate pa kusukumia. Walipanda kwa kundi wakati hewa bado ya baridi. Kwenye kona mbaya, wawili walisukuma baiskeli ya mmoja, wakarudi chini kuchukua ya pili. Msaada huo ulikuwa na sharti ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka: ulisaidiwa ikiwa nawe uliweza kusaidia. Mtu ambaye baiskeli yake ilimchelewesha kila safari aliachwa, si kwa chuki, bali kwa sababu samaki wa wenzake nao walikuwa wanaharibika. Hivyo, baiskeli ya baba, ile nyeusi ya zamani, ilipovunjika fremu chini ya kiti, hatukupoteza chombo tu. Baba alikuwa karibu kupoteza nafasi yake katika kundi.

Badala yake alipata nyingine kwa mfanyabiashara aliyetoka Ariwara, karibu na mpaka, na sijawahi kuona kitu kilichonishangaza kama kile. Ilikuwa nyekundu, matairi yake manene yenye meno, na ilikuwa na springi mbele na nyuma. Uma wa mbele, ambao kwetu mafundi huuita furshi, ulikuwa na miguu miwili iliyoingia ndani ya mirija na kutoka tena kila ulipoukandamiza. Nyuma, chini ya kiti, kulikuwa na springi nene iliyoviringwa, na fremu yenyewe ilikuwa na kiungo kama goti. Siku za kwanza baba alinipakia nyuma tukazunguka mtaa jioni, vumbi jekundu likiwa limetulia na moshi wa majiko ukining'inia juu ya mabati. Barabara yetu ilikuwa na mashimo niliyoyajua yote kwa mgongo wangu, lakini jioni zile yalitoweka. Tulipanda na kushuka polepole, kana kwamba ardhi inavuta pumzi chini yetu. Nilifumba macho. Nilimwomba baba asigeuze kurudi nyumbani, naye, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza muda, alizunguka tena.

Lakini kilichotufurahisha sisi ndicho kilichomwangusha yeye mlimani. Springi haijui tofauti kati ya shimo na nguvu za mtu. Kila aliposukuma, sehemu ya nguvu yake ilizama kwenye ule uma wa mbele kabla gurudumu halijasogea. Mizigo miwili aliyoining'iniza kwenye usukani, kama walivyofanya wote, iliufanya uma ukae chini kabisa, ukayumba upande huu na huu kama meno ya mtoto yaliyolegea. Safari ya kwanza alifika baada ya wenzake. Safari iliyofuata alifika jua likiwa juu ya paa, na harufu iliyotangulia kuingia nyumbani siku hiyo haikuwa ya ziwa. Mama alichagua samaki wachache wa kukausha, waliobaki akawafukia nyuma ya nyumba. Jioni ile baba alitundika mfuko kwenye msumari karibu na mlango. Ndani mlikuwa na blanketi, sufuria ndogo na tochi. Sote tulijua mfuko kama ule ni wa kwenda wapi. Wanaume wa mtaani walikuwa wakienda Mongbwalu kuchimba dhahabu, wengine wakituma salamu mwaka wa kwanza na kunyamaza mwaka wa pili.

"Kama hii kinga haibebe, nitafanya nini?" baba alimwambia mama. Kinga ndiyo baiskeli katika lugha yetu ya nyumbani. "Lori ya Mongbwalu iko naondoka siku ya kwanza. Nitapanda." Siku ya kwanza ni Jumatatu.

"Ujaribu fundi kwanza," mama akasema.

"Fundi atafanya nini na springi?"

"Atatoa."

Fundi huyo aliitwa Zakaria, na alifanya kazi chini ya turubai karibu na soko. Alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada akiwa bado na shati lake jeupe, akalivua na kulitundika juu ya kamba ya nguo. Shauri lake lilikuwa rahisi: uma wa baiskeli nyeusi ulikuwa mzima, wa chuma, usio na springi wala mchezo. Angeuhamishia kwenye baiskeli nyekundu. Mimi niliyekuwa nimeketi kwenye kizingiti nilitamani ashindwe. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili, uma ule na mfuko ule. Nilijua tu kwamba wanataka kuniondolea bahari yangu ndogo ya jioni, kule kupanda na kushuka polepole.

Kazi ilichukua mchana mzima. Shingo ya uma wa zamani ilikuwa nyembamba kuliko tundu la fremu mpya, ikacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Zakaria alikata bati la kopo la maziwa, akalizungusha juu ya shingo ile hadi likawa kikombe kinachobana, akakikwangua kwa tupa, akakiingiza, akakitoa, akakikwangua tena. Gololi alizipanga kwenye grisi moja moja kwa ncha ya kidole. Uma wa zamani haukuwa na mahali pa kushikilia breki za baiskeli mpya, kwa hiyo breki ya mbele iliachwa, na ya nyuma ikakazwa. Alipomaliza, alisimamisha baiskeli katikati ya ua na kurudi nyuma kuitazama. Sote tukaitazama. Uma wa zamani ulikuwa mfupi kuliko ule wa springi, tena kwa tofauti iliyoonekana wazi. Mbele kulikuwa kumeshuka, nyuma kumeinuka.

Jirani yetu Papa Furaha, aliyekuwa katika kundi lile la samaki, alikuwa ameegemea ukuta tangu saa sita akingoja kuona. "Zakaria," akasema, "hii kinga iko naangalia chini sawa mbuzi inatafuta majani."

"Weye ukule samaki yako, uniache," Zakaria akajibu, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Papa Rosa akishuka na hii mu mulima, atafika Kasenyi na kichwa, miguu itakuja kesho."

Watu walicheka, hata baba alicheka kidogo. Rosa ni mimi, na papa kwetu ni baba. Kisha baba aliipanda, akazunguka ua mara moja, na usukani ukamkimbia mikononi, ukitaka kugeuka kabla yeye hajataka. Akashuka. Zakaria akasema kwa sauti ya chini, "Muzee, nimeharibu. Furshi ingine ndefu siko nayo." Baba akamwambia hakuharibu, akaenda kunawa mikono. Wakati akipita mlangoni aliugusa mfuko, nadhani bila kujua kwamba ameugusa. Hapo ndipo nilipounganisha mambo yale mawili: uma ukishindwa, baba ataondoka.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini. "Munaiangalia iko na njaa," akasema. "Mutu atanunua ngombe kwa kuangalia tumbo yake bila majani? Muipe muzigo kwanza."

Mama aliingia ndani akatoka na gunia la unga wa muhogo, akamtuma Zakaria kulichukua la pili. Wakayafunga nyuma, mahali pale pale samaki walipokaa. Hapo springi ya nyuma, ambayo hakuna aliyeigusa wala kuifikiria mchana kutwa, ilianza kushuka. Ilishuka taratibu, kiti kikashuka nayo, goti la fremu likakunjika, hadi nyuma kukawa sawa na mbele. Wakaining'iniza mizigo miwili midogo kwenye usukani. Uma wa chuma haukutikisika. Baiskeli ilisimama imenyooka kama meza. Tulikuwa tumeihukumu ikiwa tupu, sisi watu ambao hatukuwahi kuwa na baiskeli ya kutembelea mikono mitupu.

Baba aliisukuma hadi juu ya kilima cha kanisa na kurudi. Alipofika uani alikuwa anatokwa jasho, akamwambia Papa Furaha, "Kesho munipitie." Wiki ile alirudi pamoja na wenzake, na harufu iliyopita chini ya mlango ilikuwa ya majani mabichi. Siku lori la Mongbwalu lilipoondoka, tulilisikia likipiga honi barabarani tukiwa tunakunywa chai. Baadaye mama aliutoa mfuko msumarini, akarudisha sufuria jikoni.

Lilibaki tatizo moja. Ikiwa tupu, baiskeli ile ilibaki mbaya, na unga ambao baba aliupeleka Kasenyi kila alipofuata samaki ulichukuliwa kwenye mashine ya kusaga, mwisho wa mji. Kutoka nyumbani hadi pale ilihitaji uzito nyuma. "Panda, mama," baba aliniambia, maana nilirithi jina la mama yake na hakuniita vingine. Nikapanda. Mbele barabara ilimpiga baba mikononi kwa kila jiwe, nyuma mimi bado nilielea, na kati yetu springi ile moja iliguna polepole. Mashineni alinishusha, akapakia magunia mahali pangu, nikarudi nyumbani kwa miguu nikihisi ardhi ni ngumu kupita kiasi.

Leo samaki wa Kasenyi hupanda mlima kwa pikipiki, ndani ya masanduku yenye barafu, na kuna miaka ambayo barabara hiyo haikupitika kwa mtu yeyote, kwa sababu ya vita ambavyo kila mtu wa mkoa wetu wa Ituri anavijua. Nimejifundisha hesabu za pembe na urefu kutoka vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa, na sasa ningeweza kumwonyesha Zakaria kwenye karatasi kwa nini usukani ule ulikimbia. Vijana wanaokwenda machimboni sasa hupiga simu jioni, na wake zao huzima taa wakiwa wameshasikia sauti. Mambo mengi yamekuwa rahisi kuliko wakati ule. Baba ana mvi hadi kwenye nyusi. Hukaa sebuleni, hulalamika kwamba chai haina tangawizi, na akisinzia kitini sisi hupunguza redio. Nikitembea mtaani kwetu, ninapita nyumba nyingi zilizotoa watu wa kwenda Mongbwalu, ambamo hakuna mwanamume aliyepata nafasi ya kuzeeka.