Tunapima Nyota, Bure

Wasee, hii stori sipendi kuitoa kwa sababu aibu yake bado inaniwasha masikio, lakini leo wacha niitoe tu, mcheke mkimaliza mninyamazie.

Mimi ni Barasa, fundi simu, nakaa mtaa wa Raila huko Kibera lakini kibanda changu kiko Kawangware, na wiki hiyo nilikuwa na jambo moja tu la maana: Jumamosi niende Riruta kwa kina Nekesa, mchumba wangu, nionane na mamake mara ya kwanza. Mamake ni kiongozi wa maombi kanisani, na akikataa, hakuna harusi.

Sasa mimi jioni huangalia nyota. Kuna moja jitu, nyekundu, imezeeka, inavimba na kunywea polepole kama mtu anayepumua, kwa hivyo inang'aa, inafifia, na baada ya miezi kumi na moja hivi inang'aa tena. Kazi ya kikundi chetu cha watazama nyota ni kuilinganisha na majirani zake wasiobadilika, unaandika namba, unawatumia wanasayansi (hakuna malipo, msiniulize). Tukaambiwa tulete macho mengine ya kutazama, ndio nikachukua katoni nikaandika TUNAPIMA NYOTA, BURE, SAA MOJA JIONI. Nilitaka kuongeza ZA ANGANI lakini katoni ikaisha, nikaitundika kibandani nikasema ah, si wataelewa.

Saa moja stima ikapotea, taa zote zikazima, anga ikawa safi, nikafikiri Mungu ananipenda. Nikatoa darubini, nikafunga tochi kitambaa chekundu (mwanga mweupe unaharibu macho gizani, ni sayansi tu), kugeuka napata laini ya watu, kimya, wengine wamejifunika leso mpaka pua. Wa kwanza akaniita daktari. Kabla nimuulize daktari wa nini, mama mmoja akampita, akaninong'onezea, "Nyota iko aje?"

Nami kwa madoido, "Imefifia, mama. Miezi mitatu iliyopita iling'aa vizuri, sasa bila darubini huioni. Ndiyo tabia yake, huwezi kuitegemea."

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia Nekesa wangu, huyo Barasa wa simu hana nyota."

Kumbe laini yote ilidhani mimi ni mganga wa bahati. Nikajimulika uso na ile tochi nyekundu (sijui nilifikiria nini) nikasema, "Mama, Barasa ni mimi."

Alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Jumamosi nilikipeleka Riruta ndani ya mfuko, chini ya sukari na unga. Mama akachungulia, akaufunga haraka, akanikaribisha mbele ya watu, "Ndio mara ya kwanza tunaonana." Nikakubali. Lakini akininawisha mikono akainama, "Hiyo nyota itang'aa tena lini?"

"Kama miezi minane, mama." Ningesema kesho kutwa, lakini mimi na ukweli wangu.

Akasimama. "Nimeomba," akawatangazia wazee, "na nimeonyeshwa. Harusi ni baada ya miezi minane."

Nekesa mpaka leo ananiuliza kwa nini minane, namwambia aulize mamake. Mimi kila jioni niko nje naichunga ile nyota, na nimeapa, siku nikiandika bango lingine, nitatafuta katoni ya friji.