Laini Namba Saba

Tangu siku lile tangazo lilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, Fundi Nguzo hakuweza kukaa kitako. Anaketi, anasimama. Anatoka uani, anarudi sebuleni, anafungua dirisha alilolifunga mwenyewe dakika mbili kabla. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa ajili ya wasichana wake wawili wa darasa la nne, alikuwa mezani, visikizio masikioni, anajaribu kuandika.

"Baba, unanizungusha kichwa. Kaa basi."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama mlangoni kama askari."

"Askari ana kitu cha kulinda," alijibu mzee, akatoka tena.

Kazi ya binti yake ilimchukua mzee mwaka mzima kuikubali kuwa ni kazi. Watu wa mbali walirekodi mikutano yao, yeye akasikiliza na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno, kisha akawarudishia kwa mtandao. Tatizo ni kwamba mtandao wenyewe katika kata ile ulikuwa wa kubahatisha. Ili kupokea rekodi moja, Mama Pacha alipanda kilima kilichoko nyuma ya shule, akanyoosha mkono wenye simu juu, akangoja mpaka bega lilegee. Sasa mwajiri alikuwa amemwandikia kwamba kuanzia muhula ujao kazi itafanyika papo hapo, mkutano ukiwa unaendelea, na asiye na mtandao wa kasi asijisumbue. Hakulia, hakulalamika. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba barua za uhamisho za watoto. Shule ikifungwa, alisema, tunahamia mjini.

Shule ilibakiza wiki tatu kufungwa. Baada ya hapo nyumba ile ingebaki na mzee mmoja na viti sita.

Tangazo nalo lilihusu jambo hilo hilo. Serikali ilikuwa imetunga kanuni mpya: kila kampuni yenye leseni ya mtandao ipeleke waya wa kasi katika kila kata isiyofikiwa, ndani ya miezi sita, itake isitake, la sivyo inyang'anywe leseni. Mamlaka ya mawasiliano ikabandika orodha mbili, ya kata zilizofikiwa na ya kata zisizofikiwa. Kata yao ilikuwa kwenye orodha ya kwanza.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Tumefikiwa, jamani!" alisema kinyozi wa pale njia panda, mtu ambaye mdomo wake ulikata kuliko wembe wake. "Wageni wamefika na hata kiti hatukuwapa!"

"Labda tumefikiwa na vumbi," alidakia mwingine.

Fundi Nguzo hakucheka. Alikuwa amesogea karibu, miwani imeteremka puani, akisoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya jina la kata. Sababu ya kuhesabiwa: laini ya simu namba saba, nzima. Alisoma mara tatu. Mara ya tatu akaondoka bila kuaga.

Wengine hawakujua laini namba saba ni mdudu gani. Yeye aliijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Nguzo tisini na mbili, kutoka barabara kuu hadi ofisi ya kata, na kila nguzo aliipanda kwa miguu yake mwenyewe kwa miaka thelathini na mmoja. Shule aliiacha akiwa mtoto. Kusoma kwa maana ya kusoma alijifunzia katika vitabu vya mafundi, juu ya nguzo, kamusi mfukoni. Siku hizo simu ilikuwa na heshima yake. Ilikaa juu ya meza yake, juu ya kitambaa chake, na mtu hakuishika bila kunawa mikono. Ukipiga, unajitambulisha, unajulia hali, ndipo unasema lililokuleta. Aliyetaka kukutukana alilazimika kutumia sauti yake na jina lake. Na waya ukikatika, alikuja mtu mwenye ngazi begani, mnamjua, mnampa maji ya kunywa. Leo kitu kikiharibika unazungumza na mashine inayokushukuru kwa kusubiri. Haya yamekwisha na hakuna aliyeyazika.

Lakini laini namba saba ilikufa yeye akiwa bado kazini, na hilo ndilo lililomnyima raha. Wezi wa shaba walikata waya kutoka nguzo ya arobaini na moja hadi ya hamsini na nane. Akaomba waya. Akaandika barua, akaandika nyingine. Hakuna kilichokuja. Na mafundi wote wa enzi ile walikuwa na desturi yao, isiyoandikwa popote: laini ikiripotiwa kuwa imekufa miezi mitatu mfululizo, makao makuu waliifuta, na iliyofutwa haikurudi tena. Kwa hiyo, ukiwa unangoja waya, unajaza kadi ya ukaguzi: nzima. Waliita kuishika pumzi. Unaishika laini pumzi mwezi mmoja, miwili, mpaka vifaa vifike.

Fundi Nguzo aliishika pumzi miezi ishirini na sita, hadi siku aliyostaafu. Waya haukufika. Shirika likauzwa, kadi zikaenda na makabati, na sasa kampuni mpya ilikuwa imezikabidhi kwa Mamlaka kama ushahidi. Kanuni ilisema kata yenye laini hai imekwisha kufikiwa, kwani laini hai huweza kuboreshwa. Kwa maneno mengine, kampuni haikudaiwa chochote pale, kwa sababu ya kadi zilizojazwa kwa mkono wa mzee.

Kinyozi alimfuata nyumbani siku iliyofuata. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kama umekuja kunikata nywele, hazipo."

"Nimekuja kukuomba mdomo. Alhamisi Mamlaka wanakuja ukumbini kusikiliza pingamizi. Sisi tutapiga kelele tu, wewe ndiye mtaalamu. Utasema laini ile imekufa."

"Nitaona."

"Utaona nini tena? Binti yako anahama kwa ajili ya hili hili!"

"Nimesema nitaona!"

Siku nne zilizobaki hadi Alhamisi alizimaliza kwa miguu. Alikwenda hadi nguzo ya arobaini, akageuka. Alikwenda sokoni kununua chumvi, akarudi na kiberiti. Mara mbili alisimama nyuma ya kiti cha binti yake, akakohoa, na binti alipovua visikizio na kusema "Naam, Baba?" akauliza saa ngapi, saa ya ukutani ikimtazama usoni. Miaka thelathini na mmoja bila onyo hata moja! Lile lilikuwa ndilo jina lake. Watu wengine waliacha mashamba na majumba. Yeye alikuwa na hilo tu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mezani alikaa afisa wa Mamlaka, mwanamke kijana mwenye sauti ya pole na kalamu isiyotulia, na upande wa pili mwanasheria wa kampuni, viatu vinang'aa kama vimepakwa mafuta ya kupikia. Kinyozi alisema, watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alisema. Mama Pacha alisimama akaeleza habari za kilima na bega lake, kwa sauti kavu, bila kutia chumvi, akaketi.

Mwanasheria akainuka taratibu, ameshika kadi ya rangi ya manjano.

"Mheshimiwa Afisa, tumesikia malalamiko, hatujasikia ushahidi. Sisi tunao. Kadi ishirini na sita za ukaguzi, kila moja inasema laini ni nzima. Na hazikujazwa na mtu wa mitaani. Zilijazwa na fundi aliyetumikia miaka thelathini na mmoja bila onyo. Wangekuwapo mafundi kama huyo leo, tusingekuwa hapa. Je, kuna mtu humu ndani anayethubutu kusema fundi huyo alikuwa mwongo?"

Waliomjua mwenye mkono ule waligeuza shingo. Mama Pacha naye akageuka.

Fundi Nguzo alikuwa amesimama tayari, karibu na mlango, kwa sababu hata pale hakuweza kukaa.

"Yupo," alisema. "Ni mimi."

"Wewe ni nani, mzee?" aliuliza afisa.

"Ndimi fundi mwenyewe. Mkono huo ni wangu, na ulichoandika ni uongo. Miezi yote ishirini na sita."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi. Mwingine akasema, "Kumbe ni huyu aliyetufunga!" Kinyozi akamwambia afunge bakuli lake.

Mzee alieleza habari ya wezi, ya barua, ya kushika pumzi. Hakujitetea sana. Alipomaliza, mwanasheria alitabasamu.

"Kwa hiyo anakiri kwamba huandika uongo. Basi kwa nini aaminike leo, ambapo binti yake ana faida?"

"Usiniamini," mzee alisema. "Mimi sikukuomba uniamini, kijana. Nguzo ya arobaini na moja iko mwendo wa robo saa. Una miguu?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Afisa hakucheka, lakini alifunga daftari lake na kusimama.

Walikwenda wote, mzee mbele, kwa kasi iliyowafanya vijana wahemewe. Nguzo ya arobaini na moja ilikuwapo, haina waya. Mtu alikuwa amefunga kamba akaanika mashuka. Ya arobaini na sita ilikuwa imelala juu ya mtaro, ndiyo daraja. Mwanasheria alivuka juu yake akiwa ameshika suruali kwa vidole viwili. Kutoka pale hadi ya hamsini na nane hawakuona hata uzi. Afisa alipiga picha kila hatua, kisha akaandika akiwa amesimama, na kusoma kwa sauti: laini namba saba imekufa, kata haijafikiwa, kampuni inapewa miezi sita.

Watu walishangilia. Mama Pacha hakushangilia. Alisogea kando ya baba yake wakati wa kurudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uondoke ukiniheshimu."

"Halafu?"

"Halafu nikaona sitaki uondoke, basi."

Binti alimtazama, akasema, "Baba, wewe ni mtu mgumu," na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua kama akasirike au afanye nini. Jioni ile ile alipanda kilima akamwandikia mwajiri. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: nafasi yake itashikwa miezi minne, siku moja haizidi. Kanuni ilisema sita. Ile miwili iliyopungua hapakuwa na wa kumwomba.

Barua za uhamisho hazikurudishwa kwa mwalimu mkuu, wala hazikutumika.

Kampuni ilikodi bohari kando ya barabara kuu na kushusha magurudumu ya waya mweusi, mwembamba kama kamba ya viatu, usioimba hata upepo ukivuma. Mzee aliudharau kwa moyo wake wote. Kila asubuhi, kabla mafundi hawajamaliza chai, alikuwa getini amevaa viatu vyake vya kazi.

"Mzee, si ulikuja jana?" mlinzi alimwuliza.

"Jana ilikuwa jana. Wamefikia nguzo ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

"Juzi ilikuwa ya kumi na mbili! Wanachimba kwa vijiko? Nipishe."

"Huruhusiwi kuingia, mzee wangu."

"Basi niitie msimamizi," alisema, akaanza kuzunguka mbele ya geti, huku na huku. "Mwambie nasubiri. Mwambie nina miezi mitatu na siku tisa."